Kikomo Kikikosea, Kikosee Upande Gani?

Hotuba iliyotolewa mbele ya manahodha, viongozi wa vikundi vya wavuvi, wachuuzi wa samaki na maafisa uvuvi. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya walioshindwa kufika. Chati zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, manahodha, mama zangu wachuuzi, maafisa uvuvi, na nyinyi vijana wa vyuoni mliokimbilia viti vya nyuma: nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kukadiria kikomo cha uvuvi. Vyombo vyetu vya pwani vitoe tani ngapi kwa mwaka, ili mwakani zitoke tani zile zile na mwaka wa keshokutwa pia? Najua wapo waliokuja wakitarajia niwatajie namba, waiandike, waende zao. Namba sitaji. Kila kikomo mlichowahi kupewa ni makadirio, na makadirio hukosea. Kwa hiyo swali langu la leo ni hili, na nitalirudia mpaka mnichoke: kikomo kikikosea, kikosee upande gani? Upande wa boti, au upande wa samaki?

Mwaka 1883, kwenye maonyesho makubwa ya uvuvi mjini London, alisimama Thomas Huxley, mmoja wa wanasayansi walioheshimika kuliko wote wa zama zake. Akasema kwamba huenda chewa, heringi na samaki wengine wa bahari zile kubwa hawawezi kumalizika. Mwanadamu avue atakavyo, hawezi kuwapunguza kiasi cha kuonekana. Mnacheka. Lakini Huxley alikuwa mjinga? Hata kidogo. Aliangalia matanga, mishipi na nyavu za wakati wake, akaangalia bahari, akaona mkono wa binadamu ni mfupi. Injini za mvuke zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia kwenye uvuvi. Mkono ukarefuka. Baada ya hapo bahari yenyewe ikatoa ushahidi mara mbili, wakati wa vita vya 1914 na vile vya 1939: uvuvi katika Bahari ya Kaskazini ulipungua sana kwa sababu ya mabomu na manowari, na amani iliporudi wavuvi walikuta samaki wengi zaidi na wakubwa zaidi. Boti zikisimama, samaki wanaongezeka. Basi boti ndizo zinazowapunguza. Hilo halina ubishi tena.

Ubishi uko kwenye kiasi. Mfugaji jioni anasimama mlangoni mwa zizi, anahesabu ng'ombe wake mmoja mmoja wakiingia. Sisi zizi letu halina mlango, na ng'ombe wenyewe hatuwaoni. Tunachokiona ni wale waliokufa mikononi mwetu tu, na kwa hao waliokufa tunajaribu kukisia walio hai. Sasa mtu akija na karatasi akakwambia "wamo tani 300 kamili", muulize amezionea wapi.

Hebu tupige hesabu pamoja. Msiogope, ni kujumlisha na kutoa tu. Mtaalamu mmoja, Milner Schaefer, mwaka 1954 aliandika kanuni rahisi ambayo hadi leo inafundishwa. Anasema hivi: samaki wakiwa wachache, ongezeko lao kwa mwaka ni dogo kwa sababu wazazi ni wachache. Wakiwa wamejaa pomoni, ongezeko ni dogo pia, kwa sababu wanagombea chakula na nafasi. Ongezeko kubwa kabisa liko katikati, wanapokuwa nusu ya wale ambao bahari ingeweza kuwabeba bila uvuvi. Pale katikati ndipo panapopatikana kile wataalamu wanachokiita mavuno endelevu ya juu kabisa.

Tuchukue ghuba ya kubuni. Bila uvuvi ingebeba tani 1,000 za samaki wa aina moja. Tuseme kasi yao ya kuongezeka, wakiwa wachache na nafasi ni tele, ni asilimia 40 kwa mwaka. Kanuni ya Schaefer inasema wakiwa tani 500 wanaongeza tani 100 kwa mwaka. Vizuri. Tunakaa kikao, tunapiga muhuri: kikomo ni tani 100.

Lakini tumewahesabu vibaya. Tulidhani wamo 500, kumbe wamo 300. Wakiwa 300, ongezeko lao ni tani 84. Sisi tumevua 100. Mwisho wa mwaka wamebaki 284. Nahodha gani atagundua kwamba tani 16 zimepungua kwenye ghuba nzima? Hakuna. Mwaka wa pili wanabaki 265. Mwaka wa tatu 243. Bado tunavua tani zetu 100, tena kihalali, na muhuri upo. Mwaka wa nne 217, wa tano 185. Hapa wazee wanaanza kunung'unika kwamba siku hizi mpaka uende mbali. Mwaka wa sita 145, wa saba 95. Mwaka wa nane wanabaki tani 29. Mwaka wa tisa hakuna tani 100 za kuvua hata mkichuja bahari kwa chandarua.

Rudini nyuma. Ghuba ile ile, samaki 300 wale wale, kosa la kuhesabu lile lile. Ila safari hii mtu mmoja kikaoni amesema: jamani, hatuna uhakika, tuweke 75. Ongezeko ni 84, tumetoa 75, wamebaki 309. Mwaka unaofuata wanakaribia 320. Kila mwaka wanapanda. Mnaona? Makosa mawili hayalingani. Ukikosea upande wa samaki, umepoteza tani 25 ambazo bado zinaogelea, utazikuta. Ukikosea upande wa boti, mwaka wa tisa unauza injini.

Kikomo kikikosea, kikosee upande gani?

Kuna watakaosema hizi ni hesabu za ubaoni. Haya, twendeni Newfoundland, mashariki mwa Kanada. Samaki wao ni chewa wa Atlantiki, si chewa wa miambani. Huyu ni wa maji ya baridi, na kwa karne kadhaa alilisha watu wa pande zote mbili za bahari ile. Mwaka 1968 meli za mataifa mbalimbali zilitoa pale takriban tani 810,000 kwa mwaka mmoja. Samaki wakaporomoka. Mwaka 1977 Kanada ikachukua mamlaka ya maili 200 kutoka pwani yake, ikasema: sasa wageni wametoka, tutavua kwa sayansi. Na kweli walikuwa na wanasayansi wazuri, meli za utafiti, kompyuta, kila kitu.

Walikosea wapi? Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa kuamini sana kitu ambacho kila mtu humu ndani anakiamini: mavuno kwa safari. Tunasema, kama boti inarudi na samaki wale wale kwa safari, basi samaki wapo. Inaonekana ni akili ya kawaida. Lakini chewa wakipungua hawatawanyiki; wanakusanyika, wanabaki makundi makubwa mahali pachache. Na meli zilikuwa na vifaa vya sauti vya kuwatafuta, injini zenye nguvu zaidi, nyavu bora zaidi. Nahodha anaenda moja kwa moja kwenye kundi la mwisho, anajaza meli, anarudi, anaandika: mavuno mazuri. Kila mwaka mazuri. Vitabu vilisema samaki wanaongezeka wakati bahari ilikuwa inakauka.

Nani aliyejua mapema? Wavuvi wadogo wa kando ya pwani, wenye mitego isiyohama. Mtego haumfuati samaki. Unakaa pale pale ukisubiri aje. Miaka ya 1980 walilalamika kwamba samaki hawafiki tena na wanaofika ni wadogo. Hawakusikilizwa vya kutosha. Mwaka 1989 wanasayansi walirudia hesabu zao, wakashtuka, wakashauri kikomo kishushwe hadi tani 125,000. Serikali ikaweka 235,000, kwa sababu viwanda vingefungwa, watu wangekosa kazi. Na mimi simlaumu sana waziri. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ule ukapigwa marufuku. Watu wapatao 30,000 walikosa kazi. Marufuku ilitangazwa kuwa ya miaka miwili. Iliondolewa mwaka 2024, kwa kikomo cha tani 18,000. Wapigeni hesabu watoto waliozaliwa mwaka wa marufuku: wakati inaondolewa ni watu wazima wa miaka 32.

Basi nawaomba, ndugu zangu, msilete mavuno kwa safari peke yake. Leteni na saa mlizotafuta. Leteni na umbali. Mwaka juzi ulikuwa unavua wapi, na mwaka huu umelazimika kwenda wapi? Umebadilisha injini? Umenunua kifaa cha kuonyesha samaki? Umeongeza vipande vya nyavu? Boti yenye injini mpya inayorudi na kilo zile zile za zamani inatuambia kwamba samaki wamepungua. Na wenye madema, wenye mitego ya kudumu, msijione wanyonge wa takwimu. Nyinyi ndio mizani yetu.

Sasa, wengi wenu hamna meli ya utafiti wala hamtakuwa nayo karibuni. Mtafanyaje? Mna rula.

Nisikilizeni hapa kwa makini, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mwaka 2004 mtaalamu wa samaki Rainer Froese alipendekeza vipimo vitatu ambavyo hata mchuuzi anaweza kuvielewa. Kwanza, kati ya samaki waliovuliwa, wangapi walikwisha kukomaa na kupata nafasi ya kutaga? Pili, wangapi walikuwa kwenye urefu ule ambapo aina hiyo inatoa nyama nyingi zaidi? Tatu, wale wazazi wakubwa kabisa bado wapo au wamekwisha? Yote matatu yanapatikana kwa kupima urefu.

Hilo la tatu watu hulipuuza. Hudhani samaki mkubwa mmoja ni sawa na wadogo kadhaa wa uzito huo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science ulionyesha kwamba chewa wa Atlantiki jike mwenye kilo 30 anatoa mayai mengi kuliko majike 28 wenye kilo mbili mbili kila mmoja. Majike 28 ni kilo 56! Mama mmoja mkubwa anawashinda wote hao. Ukimtoa yule, hujatoa kilo 30 tu.

Lakini rula nayo inadanganywa. Nendeni dikoni saa boti zinaingia. Ubao wa kupimia una kizuizi upande mmoja. Pua ya samaki inagusa kizuizi, mkia unanyooshwa juu ya alama za sentimita, kijana mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anaandika. Safi kabisa. Sasa tazameni nani amefika kabla yao. Mchuuzi ameshachagua wakubwa, wamo kwenye tenga lake na barafu juu. Wavuvi wametenga kitoweo cha nyumbani. Wadogo kabisa walishatupwa baharini wakiwa wamekufa, au wamekatwa kuwa chambo. Anayefika kwenye ubao ni samaki wa kati peke yake.

Matokeo yake ni nini? Wakubwa wasipoonekana kwenye daftari, mtaalamu anahitimisha kwamba wameuawa wote, kwamba mnavua kupita kiasi, na anashusha kikomo chenu. Mmeadhibiwa kwa samaki mliowaficha wenyewe. Na wadogo waliotupwa wasipoandikwa, inakuwa kinyume: mtaalamu anadhani wadogo wengi wako salama majini, anapandisha kikomo, na mwakani hao wadogo hawapo. Kosa moja linawaumiza nyinyi, jingine linawaumiza samaki na kisha nyinyi. Dawa yake haina gharama: mpimaji afike kwanza, achukue tenga moja zima kama lilivyotoka botini, apime kila aliyemo hadi wa mwisho, ndipo mnada uanze. Mama zangu wachuuzi, naomba dakika chache hizo. Najua jua ni kali na barafu inayeyuka.

Vijana wa vyuoni mtaniuliza kuhusu umri. Ndiyo, ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vya sikio. Vikikatwa na kusuguliwa, chini ya hadubini vinaonyesha pete za ukuaji. Katika bahari za baridi pete za mwaka husomeka vizuri. Kwenye maji ya joto, ambako majira hayatofautiani sana, kuzisoma ni kazi ngumu zaidi na inataka uzoefu. Jifunzeni, lakini msisubiri vijiwe ndipo muanze kupima urefu.

Nije kwenye jambo ambalo hesabu yangu ya ghuba imelificha. Nilifanya kana kwamba bahari ni ile ile kila mwaka. Siyo. Peru ina dagaa wake aitwaye anchoveta, na uvuvi wake ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani kwa aina moja ya samaki. Wataalamu walikadiria kwamba zingeweza kutolewa karibu tani milioni 9.5 kwa mwaka. Mwaka 1970 zilitolewa zaidi ya milioni 12. Kisha mwaka 1972 ikaja El Niño: maji ya joto yakafunika yale ya baridi yenye rutuba, chakula cha dagaa kikakatika, makundi yakasogea karibu na pwani yakawa rahisi kuvuliwa. Wakavuliwa. Kufikia 1973 mavuno yalikuwa kama tani milioni mbili. Nani aliwaua, bahari au nyavu? Vyote viwili, na hapo ndipo ubaya ulipo: samaki waliokwisha kupunguzwa na nyavu hawana akiba ya kuvumilia mwaka mbaya.

Peru ilijifunza. Siku hizi kabla ya kila msimu taasisi yao ya utafiti wa bahari, IMARPE, inatuma meli zinazopima makundi kwa mawimbi ya sauti, na kikomo kinawekwa kwa msimu huo tu. Mwaka 2023 walikuta dagaa wachanga wamejaa, na msimu wa kwanza katika eneo kuu la kaskazini na kati ukafutwa. Ukafutwa wote. Nadhani mnaweza kufikiria kelele zilizopigwa.

Ninachokipenda pale ni kwamba namba inaruhusiwa kubadilika. Msikubali kikomo cha kudumu, hata kikiwa kizuri leo. Kubalini kanuni. Mkikaa sasa, kabla njaa haijaingia, mkaandika kwamba asilimia ya samaki waliokomaa kwenye ubao ikishuka chini ya hapa, tunapunguza kiasi hiki, na ikishuka chini zaidi, tunafunga, basi mwaka mbaya ukija hakuna wa kumpigia simu mheshimiwa. Kanuni ikiandikwa mwaka wa shibe, kila mtu ni muungwana. Ikiandikwa mwaka wa njaa, mwenye sauti kubwa ndiye anayeiandika.

Nipite haraka kwenye mambo mawili. La kwanza, tani zenyewe hazitoshi kama hamkugawana. Alaska walikuwa na kikomo kizuri cha samaki bapa aitwaye halibati, lakini kilikuwa cha wote kwa pamoja, anayewahi ndiye anayepata. Boti zikaongezeka, zikashindana, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu nyingi msimu ulikuwa umebaki siku mbili tatu kwa mwaka, saa 24 kila mara, dhoruba iwepo isiwepo. Mwaka 1995 wenye boti waliokuwa wakivua halibati wakapewa kila mmoja fungu lake, na msimu ukarudi kuwa wa miezi. Siwaambii muige mafungu yale. Yana lawama zake, hasa yanapouzwa na kuishia kwa wachache wenye fedha. Nasema tu mgao ujadiliwe siku ile ile inayojadiliwa tani.

La pili, wavu mmoja unatoa aina nyingi. Ukiweka kikomo kwa kuangalia aina iliyo nyingi, ile dhaifu inakwisha kimyakimya ndani ya tenga lile lile. Mahali kama hapo pengine tani hazifai kabisa. Wekeni kikomo cha siku za kwenda baharini, idadi ya vyombo, ukubwa wa matundu ya nyavu, au miezi ya kufunga wakati wa kutaga. Hivyo navyo ni vikomo, na navyo vinakadiriwa. Aina dhaifu ndiyo iwe kipimo, hata kama bei yake si kitu.

Mwenyekiti, naona unatazama saa. Baada ya chakula mtakaa kwa madiko. Kila diko lilete karatasi yenye majibu mawili. Ni aina gani ya samaki mtakayoipima kuanzia mwezi ujao, na nani atakayefika na ubao kabla ya mnada? Na alama ya hatari ikionekana, chombo cha nani kinaanza kupunguza? Hilo la pili msilijibu kwa neno "wote". Andikeni aina ya chombo na idadi ya siku, mtie sahihi, na wenye boti kubwa wawe wa kwanza kusaini.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali nayapokea.